Zinia za Namkunda

Kisa, kisa! Itikieni: Kije, tumekaa! Haya, kimekuja, kimewakuta mmeshiba maharage.

Zamani, kabla babu zenu hawajaota meno, Namkunda aliolewa juu milimani, kwa watu wenye desturi yao. Kila bibi arusi aje na mbegu ya kwao, aipande mbele ya mlango wa mama mkwe. Mmea ukiwa hai na unachanua hadi mavuno, mke ni wa hapo. Ukikauka, anarudishwa kwao na kapu lake. Msicheke, ndivyo walivyokuwa.

Wenzake walileta maboga, vitu vya kujaza chungu. Namkunda alileta zinia.

"Maua?" akauliza mama mkwe wake, Nakijwa. "Mwanangu atakula maua?"

"Atakula maharage, mama. Maua atayatazama."

Akapanda, akapalilia, akamwagilia, akapalilia, akamwagilia. Zinia zikachanua, nyekundu, njano, na za rangi ya embe bivu. Wapita njia wakasimama. Nakijwa akalainika, akakaa mlangoni kama askari.

"Asiguse mtu! Anayekata ua la bibi arusi amekata ndoa."

Basi hayakukatwa. Wewe unayesinzia, unajua zinia ikiachwa hivyo inakuwaje? Ua linazeeka juu ya bua, linageuka kahawia, linafanya mbegu, na mmea unaona kazi yake imekwisha. Matumba yakapungua, na mavuno bado yako mbali.

Namkunda aliona. Mama yake alizoea kuzikata, na kadiri alivyokata ndivyo zilivyochanua. Lakini kwao si hapa. Akiziacha, zitakauka, atarudishwa. Akizikata, huenda akarudishwa leo hii. Naye alimpenda mumewe, Sengondo. Hata moshi wa jiko lile alikwisha kuuzoea.

Asubuhi moja akachukua kisu cha kumenyea ndizi. Akakata moja, akakata jingine, akakata yote yaliyochoka.

Nakijwa akatoka na ufagio. "Wee! Mtoto wa watu! Unaniulia nyumba?"

"Nayapisha machanga, mama. Yaliyozeeka yanayabana."

"Ahaa! Kuzeeka ni kukatwa! Na mimi zamu yangu lini?"

"Wewe bado unachanua, mama."

"Usinichekeshe, nina hasira! Funga kapu."

"Nitafunga. Ila nipe mpaka mwezi mwingine uandame. Ua lisipotoka, nitashuka mwenyewe, msinisindikize."

Nakijwa akanuna, lakini kila asubuhi ndiye aliyetangulia kuchungulia mabua. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Halafu, chini ya kila palipokatwa, yakatoka machipukizi mawili, na kila chipukizi na tumba lake! Mwezi ulipoandama, mlango ulikuwa umezibwa na maua.

Mavuno yakafika, wazee wakaja na sura za hukumu. "Nakijwa, tumesikia ua lilikatwa hapa. Tumrudishe binti?"

Nakijwa aliinuka. Akaenda bustanini, akalikata ua kubwa kuliko yote mbele ya macho yao, akalichomeka kwenye kilemba chake.

"Mmeniona? Nami nimekata. Basi turudisheni sote wawili, na chakula cha jioni mtajipikia."

Wazee wakatazamana, wakaomba mkeka wakae.

Wajukuu, mila ni ya kutunzwa, na kutunza si kukaa mlangoni na kukataza tu.

Kisa changu kimelala, nanyi kalaleni. Sufuria zioshwe kwanza.