Bi Mize Asomeshwa Kizungu

Palikuwa na sultani katika mji wa Shungi, mtu mzima mwenye kilemba kikubwa, aliyejifunza Kiingereza miezi mitatu tu akaona hana haja tena ya kuzungumza nasi. Asubuhi moja mpiga mbiu akapita: kila ambaye nyumba yake imeegemea ukuta wa jumba la Sultani na ajue Kiingereza. Asiyejua, nyumba yake ivunjwe, kwa kuwa wageni wa Kizungu wanakuja kunywa chai, na Sultani hataki wasikie kelele za kishamba kutoka upande wa pili.

Nyumba iliyoegemea ukuta huo ilikuwa moja. Yangu.

Na kelele zilikuwa zangu pia, sikatai. Mimi nikiita kuku wangu, hata kuku wa mji wa pili hugeuka. Chuoni nilifika herufi ya bee, nikakwama kwenye tee, mwalimu akasema nirudi nyumbani nikamsaidie mama jikoni. Siku ya tatu mama akaenda kumbembeleza mwalimu anichukue tena. Meno ninayo manne, na hayatazamani. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniachia nyumba ile ya udongo, hakuniachia kingine, wala sikutarajia. Sasa hiyo nayo ikivunjwa, nilale wapi?

Nikajifunga kanga zangu, nikaenda barazani. Nikamkuta Sultani anamhukumu fundi seremala aliyemfukuza mwanagenzi wake na kumtoa kwenye kibanda alichokuwa akilala. Mila ya Shungi iko wazi: ukishaanza kumfundisha mtu mbele za watu, humfukuzi wala hugusi paa lake mpaka ahitimu umvike kilemba. Sultani akamwamuru fundi amrudishe mwanagenzi, tena kwa maneno makali. Wazee wakamsifu, Kadhi Mbaruku akamsifu, mwenyewe akatanua kifua. Mimi nimekaa nyuma, nasikiliza.

Zamu yangu ikafika. Sultani akaweka kamusi mapajani, nene kama mto wa kulalia.

"Mize, umekuja kuhama au umekuja kujibu?"

"Nimekuja kuulizwa, bwana. Hayo mengine utaniambia."

"Nitakupa neno dogo, la watoto. Rani. Maana yake nini?"

"Sijui."

Wazee wakacheka. Nami nikacheka, maana kweli nilikuwa sijui.

Hapo angesema "vunjeni," na mimi ningelala nje na kuku wangu. Lakini Sultani alikuwa na ugonjwa wa watu waliojifunza kitu juzi: hawezi kumwona mjinga akampita hivi hivi.

"Rani ni kukimbia," akasema.

"Alaa. Kama mbuzi."

"Kama mbuzi. Na mto nao unarani."

"Unakwenda wapi?"

"Baharini, mwanamke. Na pua inarani."

"Pua? Inamwacha mwenyewe?"

"Inatoka kamasi."

"Kumbe. Basi mimi masika yote narani na sijijui."

Kadhi akajifanya anakohoa. Sultani hakumwona, alikuwa ameshapata moto.

"Mwenye duka naye analirani duka lake."

"Akilikimbiza, wateja wanunue wapi?"

"Analisimamia, Mize. Na chumvi ikiwaishia jikoni, Wazungu husema wamerani nje."

"Wanaifuata?"

"Hawaifuati. Imewaishia tu."

"Watu hao wana mbio, bwana. Ndiyo maana wamefika mpaka huku."

"Usidharau. Hata sisi tunakula kiapo na hatutafuni."

"Kweli. Na mimi leo nakula hasara, wala sishibi. Lipo jingine?"

Nilimuuliza kama mtu anayeomba kuongezwa wali. Akafungua ukurasa, akalamba kidole.

"Breki. Ni kuvunja. Alfajiri inavunjika."

"Nani kaiangusha?"

"Ndivyo wanavyosema. Na sauti ya mvulana akibalehe inavunjika."

"Yangu haijavunjika mpaka leo. Majirani wameomba dua wakachoka."

Akacheka, nikadhani ameshasahau. Hakusahau. Akafuta machozi akasema, "Haya, inatosha. Umeulizwa, hujui hata moja. Nenda kaondoe vyombo, nyumba ivunjwe."

"Na hiyo nayo ni breki?"

"Ni breki."

"Ahsante, mwalimu."

Neno hilo likampendeza. Nikamwona anarekebisha kilemba.

"Umeniitaje?"

"Mwalimu. Au hukunifundisha?"

"Nimekufundisha, tena vizuri."

"Mbele ya Kadhi na wazee hawa?"

"Wote wameona."

Nikamgeukia Kadhi. "Bwana Kadhi, mimi ni mtu wa kusahau. Yule seremala aliyetoka hapa sasa hivi ameambiwa nini juu ya mwanagenzi wake?"

Kadhi akatazama mkeka. "Ameambiwa asimfukuze. Wala asiguse paa lake mpaka ahitimu."

"Nani kamwambia?"

Kadhi akamtazama Sultani, wazee wakamtazama Sultani, na wale waliokuwa wamesinzia wakaamka, nao wakamtazama.

Sultani akafunga kamusi. Akaifungua. Akaifunga tena. Mila hiyo alikuwa ametoka kuitetea na mate mdomoni hayajakauka.

"Mwalimu," nikamwuliza polepole, "humo ndani mna maneno mangapi?"

"Maelfu."

"Na kila moja lina pua na duka na mto?"

"Mengine yana zaidi," akasema, na sauti yake ikapungua alipojisikia.

Lakini sultani ni sultani, hakubali kushindwa na mtu mwenye meno manne. Akanyanyuka kitini.

"Vema, Mize. Nitakusomesha mwenyewe, asubuhi na jioni. Kabla mwezi mwingine haujaandama utakuwa umehitimu. Nitakuvika kilemba kwa mkono wangu, na kesho yake nyumba inavunjwa."

"Hewala, mwalimu," nikasema. Nikakaa chini pale mbele yake, nikakunja miguu kama mtoto wa chuoni. "Nipo tayari. Ila kichwa changu chenyewe ndicho hiki unachokiona. Lile neno la kwanza, ulisema maana yake nini?"