Jina Juu ya Kombora

Alikuwako mhunzi mmoja mwanamke, Mwanashehe, mdogo wa umbo na mpole wa maneno. Tajiri Shamte alipopata zabuni ya kulitengenezea jeshi makombora ya mzinga, jeshi lilimpa na chuma cha kuyasubu. Chuma akakifungia kwenye makasha ghalani kwake, akiuze baadaye, kisha akamwita Mwanashehe.

"Ndani jaza mchanga, juu vika ganda jembamba la chuma. Ukikataa, karakana nakunyang'anya."

"Yatampasukia mpigaji, bwana mkubwa."

"Desturi ya jeshi, kombora la kwanza huwashwa na aliyelisubu. Mpigaji ni wewe."

"Haya," akasema Mwanashehe. "Basi nipe ufunguo wa ghala, nichukue hicho chuma kidogo. Na kila kombora nitaliandika jina langu, nikifa nikumbukwe."

"Jina lako? Zabuni ya nani? Andika langu, tena kwa herufi kubwa!"

Siku ya majaribio jemadari akalisoma jina, akamkabidhi Shamte kijinga cha moto. Shamte akaanguka magotini.

"Nisamehe, Jemadari! Humo mna mchanga mtupu!"

Askari wakamkamata papo hapo. Mwanashehe akaokota kijinga, akawasha. Kombora likaruka, likapasua mwamba ng'ambo ya bonde.

"Hicho ni chuma!" akamaka Shamte. "Mchanga wangu uko wapi?"

"Umo ghalani, bwana mkubwa, kwenye makasha yako. Nimeupakia vizuri, tayari kwa kuuzwa."