Wimbo wa Chozi Juu ya Jiwe la Sauti

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale mvua ilikataa kunyesha. Mto ukakauka, kau! Wanyama wakabaki kulamba mawe.

Katika nchi hiyo palikuwa na kilima, na juu yake jiwe kubwa. Ukisema neno pale, bonde zima linasikia. Mtangazaji wa jiwe alikuwa Pimbi, mnyama mdogo wa miambani, mwenye sauti kali. Sheria ya jiwe ilikuwa moja: kabla ya kutangaza neno, mtaje mwenye neno.

Basi Chozi, ndege mdogo kuliko wote, akaruka, akaruka, akaona maji nyuma ya mkuyu, ng'ambo ya genge, lile korongo la miamba. Akatunga wimbo. Lakini sauti yake, tsi tsi tsi, haifiki popote. Akamwendea Pimbi.

"Dada Pimbi, niimbie. Ila unitaje."

"Nitakutaja, mdogo wangu. Wasiwasi wa nini?"

Pimbi akapanda jiwe, akaimba:

Tokeni, tokeni, maji yapo!
Nyuma ya mkuyu, maji yapo!
Shukeni gengeni, maji yapo!

Bonde likalipuka. "Pimbi! Pimbi! Wimbo mtamu huo katunga nani?"

Moyo wa Pimbi ukavimba. Siku zote walimwita panya asiye na mkia. Leo wanamshangilia!

"Mimi," akasema. "Nimetunga mwenyewe."

Chozi akasikia. Hakugombana. Akaruka zake, pruuu.

Alfajiri wanyama wakaondoka. Waliotangulizwa ni Mama Digidigi na wanawe, maana walikuwa wamelegea kwa kiu. Mara Chozi huyo, anarudi mbio.

"Simameni! Chui amejificha gengeni! Na yeye ameusikia wimbo!"

Ngiri akacheka, kho kho kho! "Tone la ndege wewe, unajua nini? Wimbo ni wa Pimbi. Tumuulize mwenyewe." Akainua kichwa. "Ee Pimbi! Tushuke gengeni?"

Pimbi alikuwa juu ya jiwe. Akawatazama watoto wa Digidigi, ndimi nje kwa kiu. Angejibu nini? Genge hajaliona. Mkuyu haujui. Akisema shukeni, wataliwa. Akisema rudini, watakufa kwa kiu. Na akisema kweli, wote watamcheka.

Akavuta pumzi.

"Msishuke! Wimbo si wangu! Ni wa Chozi, nimemwibia. Mimi hata mkuyu siujui. Muulizeni yeye!"

Wanyama wote wakageuka kumtazama Chozi.

"Ala!" akasema Ngiri. "Kumbe panya huyu hana mkia, na haya pia hana!"

"Hebu nyamaza, Ngiri," akasema Mama Digidigi. "Chozi mwanangu, tupite wapi?"

Chozi akatangulia. Wakazunguka juu, kwenye miamba, tii, tii, tii, mpaka nyuma ya mkuyu. Wakanywa, gubu, gubu, gubu! Chui akangoja gengeni mpaka tumbo likanguruma.

Pimbi akabaki peke yake, uso chini. Mara akasikia tsi tsi tsi.

"Dada Pimbi, nina wimbo mwingine."

"Bado unaniamini?"

"Utanitaja?"

"Kabla ya yote."

Akapanda jiwe, akaimba:

Wimbo huu ni wa Chozi, maji yapo!
Njia hatuitangazi, Chui yupo!
Mwenye kiu aje kwetu, tutampeleka!

Na bonde likaitikia, "Chozi! Chozi!" Pimbi akaitikia kuliko wote.

Basi wadogo zangu, na nanyi wakubwa, simu zetu ndizo jiwe lile. Wimbo wa mtu, picha ya mtu, maneno ya mtu, omba kwanza, kisha mtaje. Usitangaze unakopita wala unakolala, maana Chui naye anasikia. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtoto wa mwenzio hajafika gengeni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkienda kuisimulia kwenu, semeni mmeipata kwa nani.