Kajiru na Mkia wa Mfereji

Kaeni chini!

Tumekaa, bibi!

Midomo?

Imefungwa!

Masikio?

Yako wazi!

Haya. Senkondo, wako haujafungwa, nauona hadi kimio. Funga.

Hapo kale, kale ya kale, bibi yake bibi yangu hajaota hata jino, huku milimani palikuwa na mteremko wenye vijiji vitatu. Cha kwanza kiliitwa Juu, cha pili Kati, cha tatu Mkiani. Msinicheke, sikuvipa majina mimi. Ni mambo ya mfereji. Maji yalikusanywa kwenye ndiva, lile bwawa la kule kileleni, kisha yakafunguliwa yashuke. Yanashuka Juu, yanashuka Kati, yanashuka Mkiani. Huko ndiko yanakoishia, kama yamebaki.

Sasa siku moja watu wa Juu na watu wa Kati wakagombea zamu ya maji. Wakashikana mashati. Najua, Nanzia, mashati hayakuwepo. Basi walishikana ngozi, umeridhika? Majembe yako hewani, wanawake wanapiga mayowe. Akatokea kijana mmoja wa Mkiani, mnene, mcheshi, jina lake Kajiru. Hakumshika mtu. Alipanda hadi kwenye mlango wa ndiva, pale maji yanapotokea, akaketi. Pwaa! Makalio yake yakaziba mlango, mfereji ukakauka.

"Wewe! Ondoka hapo!"

"Siondoki. Patanani kwanza. Na fanyeni upesi jamani, maji haya yana baridi, nikifa msiba ni wenu!"

Chekeni, chekeni. Hata wao walicheka, na mtu anayecheka hawezi kupiga jembe sawasawa. Wakagawana zamu palepale. Na mfumwa wa zamani alipokufa (mfumwa ndiye mtawala wetu wa enzi hizo), vijiji vyote vitatu vikasema tunamtaka yule aliyeziba mlango.

Lakini ufumwa wa kwetu ulikuwa na sharti. Nisikilizeni hapa. Mfumwa hakupewa shamba zuri. Alipewa shamba la mwisho kabisa, kule mfereji unakofia. Wazee walisema, maji yakimfikia mfumwa, yamemfikia kila mtu. Kwa hiyo Kajiru akatawala akiwa na matope miguuni. Asubuhi maji yasipofika, hakuhitaji kuambiwa na mtu, alipandisha mlima akipiga kelele, "Nani kaziba? Nani kaziba huko?" Miaka ikapita, Mkiani wakavuna, Kati wakavuna, Juu wakavuna. Mkewe Nakiete akamzalia watoto, tumbo lake Kajiru likazidi kutangulia.

Basi akaja Mrutu. Mrutu alikuwa mkubwa wa wazee wa Juu, mtu wa maneno laini, ungeweza kuyapaka kwenye mkate.

"Mfumwa wetu," akasema, "mtu mzima wewe unamwagilia kwa makombo ya maji? Aibu ni yetu. Njoo Juu, tumekukatia shamba kando ya ndiva. Tutakuchimbia na tawi la mfereji, lako mwenyewe."

Kajiru akamwambia mkewe wafungashe. Nakiete alikuwa anapepeta mahindi, hata hakuinua macho.

"Nenda. Mimi niliolewa Mkiani."

"Nakiete, utabaki na nani?"

"Na waliokuchagua."

Akaenda peke yake, mkaidi yule. Na loo, migomba yake ilivyonawiri! Ndizi moja, mtu na mwanawe hawaimalizi. Watu wa Mkiani walipokuja kulalamika kuwa mahindi yao yananyauka, Kajiru aliwatoa nje, akawaonyesha ndiva.

"Haya si maji? Tazameni! Maji tele! Mnalia nini?"

Wala hakuwa anadanganya, wajukuu zangu. Ndiyo shida yenyewe. Kutoka pale alipokaa, maji yalikuwa tele kweli.

Ukaja mwaka wa jua kali. Mkiani wakakaa kikao, wakakata shauri: watahama wote, washuke nyikani kwenye mbu na simba, wakaanze upya. Nakiete akawaomba wamngojee kidogo. Akatuma salamu Juu: mfumwa aje ale kwake, na wazee wake wote.

Wakaja. Makande yalikuwa yananukia tangu njiani. Nakiete akawaketisha kwenye mteremko wa uani: wazee wa Juu upande wa juu, wa Kati katikati, na mumewe chini kabisa, karibu na mlango, maana ni mwenye nyumba. Akampa Mrutu chungu na upawa. "Jipakulieni wenyewe, baba zangu, kisha mshushe."

Mrutu akapakua, akaongeza, akapapasa chini kutafuta maharage. Jirani yake naye hivyo hivyo. Chungu kinashuka, kinashuka. Wa Kati wakapakua kwa hofu ya kukosa. Kilipomfikia Kajiru, akaingiza upawa. Kwaru! Akaingiza tena. Kwaru!

"Mama watoto, mbona chungu kitupu?"

"Kitupu? Mume wangu, kilipotoka jikoni kilikuwa tele."

Wazee wakaacha kula. Mrutu tu ndiye aliyeendelea kutafuna. Kajiru akamtazama mkewe, akaona mifupa ya shingo yake, akaona watoto wake nyuma ya mlango wakikitazama kile chungu. Aliona aibu, jamani. Aibu ilimpanda hadi machozi yakamtoka mbele ya wageni wote.

Akainuka na njaa yake, akapanda mlima, jembe begani. Mrutu akamfuata mbio, makande bado mdomoni.

"Mfumwa! Ukiziba tawi lile, sisi wa Juu tunakuvua ufumwa! Na barazani tuko wengi!"

"Nivueni."

Akaziba tawi lake. Akayafuata maji, akizibua kila mahali watu walipojiibia, hadi jua likawa utosini. Alipofika Mkiani, watu walikuwa wamekwishajitwika mizigo. Maji yakatangulia, yakapita katikati ya miguu yao. Mwanamke mmoja akatua mzigo wake. Mwingine akatua. Hakuna aliyemshukuru Kajiru, na kwa nini wamshukuru? Yalikuwa maji yao.

Nakiete alikuwa shambani.

"Wamenivua," Kajiru akamwambia.

"Nimesikia."

"Sina kiti, sina migomba, na sijala."

"Hata mimi sijala. Tengeneza matuta huko, maji yanapotea."

Akainama, akatengeneza. Wakalima pamoja mpaka wakazeeka.

Juu walimtawaza mwingine, na baada yake mwingine. Mkiniuliza majina yao siyajui, na bibi yangu hakuyajua. Lakini nyinyi mkikua, mmoja wenu akipewa kuongoza watu, hata kama ni watu watatu, akumbuke: kiongozi akila wa kwanza, njaa ya wenzake huisikia kama hadithi.

Kisa nimekitua. Mwenye kichwa akitwike, mwenye usingizi akalale.

Tumekitwika, bibi!

Nanzia, leta chungu. Leo mnaanza kupakua wadogo.