Madebe ya Chui

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na masikio, mama, tunasikiliza!

Basi sikilizeni. Hapo kale, kule nyikani mpakani ambako mvua huja ikipenda, Mama Pimbi na wenzake walifuga mbuzi. Walifukiza vibuyu vyao kwa moshi ili maziwa yasiharibike, wakanywa na watoto, na yaliyobaki wakayauza popote walipotaka.

Siku moja akaja Chui kutoka bondeni, meno nje, na madebe yanang'aa.

"Ndugu zangu, zawadi!"

Pimbi akanusa debe, fwi, fwi. Halikunuka kitu. Akashuku. Lini Chui amempa Pimbi kitu?

"Kuanzia kesho maziwa yote yaje kwangu," akasema Chui. "Nitawapa chumvi, kiasi nitakachoona mimi. Na yaje kwa madebe haya. Vibuyu vyenu vinanuka moshi, marufuku! Msionje hata tone. Atakayekaidi, nakula mbuzi wake."

Pimbi akawatazama wanawe. Bila maziwa, kiangazi kingewamaliza. Hata hivyo akainama.

"Ndiyo, bwana."

"Ala! Umekubali?" mwenzake Digidigi akamnong'oneza.

"Nimekubali. Si umesikia mwenyewe? Debe, bila moshi."

Digidigi akafikiri. Kisha akacheka chinichini.

Asubuhi wakakamua, wakajaza madebe, wakashika njia. Jua kali! Njia ndefu! Maziwa pwacha, pwacha, pwacha. Walipofika mchana, povu lilikuwa likisukuma vifuniko.

Chui akawatazama kwa jicho la pembeni.

"Onja wewe kwanza," akamwambia Pimbi.

"Lo, bwana! Ulikataza hata tone. Unataka mbuzi wangu waliwe?"

Chui akashuku. Lakini tumbo lake halikushuku. Akanywa debe moja, gu gu gu! Akanywa la pili, gu gu gu! Hajafika la tatu, tumbo likanguruma, akatimua mbio kichakani. Akarudi. Akatimua tena. Akarudi amejikunja.

"Mmenitilia nini humu?"

"Hatukutia kitu, bwana. Hata moshi hatukutia."

Chui akayatazama madebe yake. Amri ilikuwa yake.

"Na kesho, bwana," akauliza Pimbi kwa adabu, "tuje mapema zaidi?"

"Msije! Uzeni mnakotaka! Sitaki kuona maziwa!"

Wakarudi kwao. Jioni ile watoto wakanywa mpaka wakalala na vinywa vyeupe.

Hadithi imefika kwake, nami nabaki kwangu. Na funzo ni hili, wanangu: mkubwa akiamuru, msibishane naye. Mtiini mpaka achoke.