Kibichi Hushikwa kwa Mikono Miwili

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, nasi twayasimulia kifua mbele, ya kwamba zamani zile Injili ilipokuwa ingali changa kando ya Ziwa Nyasa, alikuwako mjane mcha Mungu, mfinyanzi, jina lake Bibi Subilaga. Kusoma alisoma kwa shida, lakini alilolisoma halikumtoka. Kanisani alijulikana kwa Amina yake. Sala ikiisha, sauti yake ilizitangulia za wote, hata watani wakasema malaika wakisinzia huamshwa na Bibi Subilaga. Na desturi ya kanisa lile ilikuwa hii: watu husimama kwa sala, wala haketi mtu mpaka aitikie Amina.

Asubuhi moja alikuwa akianika vyungu kivulini, akamwona Tupokigwe anakuja mbio, jicho limevimba, mkono mmoja kaukumbatia kifuani. Tupokigwe alikuwa mke wa Ambakisye, mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyeongoza sala kila Jumapili. Mbele za watu Ambakisye alikuwa mtu wa maneno matamu. Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Bibi, nifiche. Safari hii amesema ataniua."

"Ingia, mwanangu."

Akamwingiza ndani, akaufunga mlango kwa nje, akaketi kizingitini na vyungu vyake.

Jirani yake, Mama Lugano, aliyeyaona yote, akamjia akinong'ona. "Akija, sema hujamwona. Uongo wa namna hiyo Mungu anausamehe."

Bibi Subilaga hakumlaumu, maana hofu aliijua. "Nikisema hayumo," akajibu, "nitakuwa nimemficha kama mwizi. Na huyu hajaiba kitu cha mtu, Mama Lugano. Yeye ndiye aliyekosewa."

Haukupita muda Ambakisye akafika, fimbo mkononi.

"Bibi, mke wangu yumo humo?"

"Yumo."

Ambakisye alikuwa amejiandaa kubishana na uongo, si kupokea ukweli. Kisha akajikaza. "Basi mtoe. Nimefuata chombo changu. Hata mtume amesema mke ni chombo dhaifu."

Loo! Habari za vyombo angeenda kumweleza mwingine, si mfinyanzi. Bibi Subilaga akainuka, akachukua chungu kikubwa kibichi, kisichopata moto bado, akamnyooshea. "Nishikie kwanza hiki, mwanangu."

Na Ambakisye, bila kuwaza, akaiachia fimbo ikaanguka, akakipokea chungu kwa mikono miwili, akakiegemeza kifuani taratibu, pumzi kaibana.

"Mbona umeitupa fimbo?"

"Si kibichi hiki, Bibi? Ukikishika ovyo kinabonyea."

"Nani aliyekufundisha?"

"Nani asiyejua hilo?"

"Mtume naye alilijua," akasema Bibi Subilaga, na mguu wake sasa ulikuwa juu ya ile fimbo. "Ndiyo maana hakuishia kwenye udhaifu wa chombo. Alisema mke apewe heshima, kwa kuwa ni mrithi mwenzenu, maombi yenu yasije yakazuiliwa. Hicho ulichokumbatia ni udongo wa mtoni. Aliyemo ndani ni mtu, aliyefinyangwa na Mungu. Kiweke chini taratibu, uende zako. Mlango huu siufungui."

Ambakisye aliona haya, na haya yake ikageuka hasira. "Nitahakikisha unatengwa na Meza ya Bwana!"

"Nitengwe, baba. Mlango siufungui."

Kufikia hapo Mama Lugano alikuwa amekwisha kuwaita wenzake. Wanawake sita waliotoka shambani walisimama uani na majembe yao. Ambakisye akawatazama, akakiweka chungu chini, akaondoka. Tupokigwe akabaki kwa Bibi Subilaga, mkono wake ukafungwa, akalala usingizi wa kwanza wa salama tangu aolewe.

Jumapili Ambakisye aliomba sala ndefu na tamu kama kawaida yake. Amina ikaja, lakini sauti moja haikuwamo, na kanisa zima likasikia kwamba haimo. Bibi Subilaga alisimama peke yake, mzee wa watu, mpaka ibada ikaisha.

Jumapili ya pili upande wote wa wanawake ulinyamaza. Wanaume waliitikia, wakaketi. Wanawake wakabaki wamesimama, vikongwe na wasichana na wenye watoto mgongoni.

"Akina mama," akauliza mchungaji, "kuna nini?"

"Hatuwezi kuketi, Mchungaji," akajibu Bibi Subilaga. "Hatujaitikia. Tunaogopa kuitikia sala iliyozuiliwa."

Ambakisye akaitazama mikono yake. Mwishowe akanena, na safari hii sauti haikuwa tamu. "Nimempiga mke wangu. Si mara moja. Kisha nimeiinua mikono hii hii mbele yenu kuomba. Sistahili kusimama hapa."

Mchungaji akamvua uzee wa kanisa palepale. Kisha akamgeukia Tupokigwe. "Binti yangu, umesikia. Utarudi kwake?"

Wengi waliinamisha vichwa wakingoja ndiyo.

"Nimemsamehe, Baba," akasema Tupokigwe. "Kurudi, bado. Siku nitakayoona mikono yake imejifunza, nitasema mwenyewe. Na nisiposema, naomba nisiulizwe."

Ndipo ile sauti iliyokuwa imekosekana ikasikika tena: "Amina!" Na upande wote wa wanawake ukaitikia kwa nguvu hata ndege wakaruka kutoka paa la nyasi, na wote wakaketi.

Wapendwa, hao ndio mama zetu katika imani, nasi tunaona fahari kuwa wana wao. Basi kila mmoja wetu, kabla ya kuinua mikono kuomba, aitazame kwanza, akumbuke imefanya nini nyumbani.