Mitalawanda ya Bi Kuruthumu

Wahenga hawakusema mdharau simba, wala hawakusema mdharau moto. Simba hadharauliwi na mtu mwenye akili zake, na moto hujitangaza wenyewe. Walichagua mwiba, kitu kidogo kisicho na sauti, kinacholala vumbini kikingoja unyayo wa mwenye majivuno. Walijua kwamba binadamu haangushwi sana na kile anachokiogopa, bali na kile anachokicheka. Hayo ndiyo yaliyoifika timu ya mpira ya Kumekucha mwaka 1956, katika nyumba moja ya Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Kuruthumu, mjane aliyekaanga samaki na kuwauzia watu wa sokoni. Ilikuwa na vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, na nyuma yake ua wenye jiko, bafu na choo. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya saruji, naye aliisugua mpaka ikang'aa kama sahani ya kaure. Sheria za nyumba zilikuwa mbili tu, na kila mpangaji aliambiwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa chumba: cha nje kisiingie, na cha ndani kisitoke.

Maana yake ilikuwa hivi. Viatu vya njiani viliishia barazani, viwe vya tajiri au vya mchukuzi. Na unyayo wa ndani haukutoka mtupu: kwenye mlango wa uani palipangwa mitalawanda, vile viatu vya mbao vyenye kijiti kimoja cha kubanwa kwa vidole. Mwenye kwenda uani aliivaa, akavuka, akarudi, akaivua mlangoni, akaingia ukumbini na unyayo safi.

"Ukumbini tunakula na tunasali," Bi Kuruthumu alizoea kusema. "Uani napara samaki. Sitaki uchafu wenu ndani, na sitaki miiba yangu miguuni mwenu."

Seifu, mjukuu wake, alivaa mitalawanda tangu alipojua kusimama. Sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini, winga wa kushoto wa Kumekucha, mwenye mbio kama mshale uliochomoka upindeni. Siku hizo vijana wa mitaani walicheza pekupeku. Mchezaji hakuwa na kiatu cha kukitunza. Alikuwa na mguu.

Chumba cha mbele alikipanga Augustino, senta fowadi wa timu hiyohiyo. Shuti lake liliogopwa kutoka Kariakoo hadi Temeke, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisifu. Mitalawanda hakuigusa. Aliona ni vyombo vya vizee na wanawali, na kila aliposikia ko, ko, ko ya Seifu uani, alisimama mlangoni akainama kwa adabu ya uongo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu," Seifu alijibu bila kugeuka. "Kaoge, unanuka."

Wapangaji walicheka, na Augustino naye alicheka, akavuka ua pekupeku makusudi ili aonekane.

Mwaka huo Kumekucha waliingia fainali dhidi ya Radi ya Ilala. Mwenyekiti wao, Bwana Ramadhan, muuza kofia mwenye ulimi mrefu kuliko kamba ya kisima, alikutana na watu wa Radi kwenye baraza la kahawa. Maneno yakazaa maneno. Kabla kikombe hakijapoa, alikuwa amekwisha kuweka ahadi mbele ya mashahidi: atakayeshindwa atoe ngoma yake, mshindi aichukue.

Ngoma ya Kumekucha iliitwa Mvumo. Ilichongwa na marehemu mume wa Bi Kuruthumu, babu yake Seifu, na ilitundikwa ukumbini mwa nyumba ile. Kila asubuhi bibi aliifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake. Alipopata habari, aliketi juu ya kibao cha mbuzi, nazi ikiwa bado mkononi.

"Ramadhan, umeweka rehani mali ya maiti," alisema.

"Mama, hatuwezi kushindwa."

"Hilo ni lako. Mimi nasema, umeiweka bila kuniuliza."

Lakini neno la mwanamume likishatoka barazani halirudi. Seifu aliitazama ngoma ile. Aliapa moyoni kwamba haitalala Ilala hata usiku mmoja.

Siku moja kabla ya fainali, timu yote ilipiga kambi nyumbani kwa Bi Kuruthumu, kama ilivyokuwa desturi yao. Bwana Ramadhan hakuogopa mabeki wa Radi. Aliogopa uchawi wao. Aliamini kwamba wangefukia tego mahali ili wachezaji wake walikanyage. Kwa hiyo alileta mganga, mganga akaipaka miguu ya vijana dawa nyeusi, akatoa na sharti: unyayo uliopakwa dawa usivae kitu mpaka mpira uishe. Mbao ndiyo mbaya zaidi, alisema, kwa kuwa mti hunywa dawa.

Alasiri hiyo Bi Kuruthumu alirudi kutoka Feri na kapu la tasi. Kila mtu wa pwani anamjua tasi: mtamu mezani, mchungu mkononi, kwa maana miiba ya mgongo wake ina sumu. Aliwapara na kuwakata mapezi pale uani, akafagia, kisha akaja kusimama mlangoni.

"Wanangu, leo nimepara tasi. Nimefagia, lakini mchanga una siri zake. Mitalawanda ile pale."

Vijana walitazamana, wakamtazama mwenyekiti. Seifu peke yake aliinuka, akabana vijiti kwa vidole, akavuka kwenda bafuni. Ko, ko, ko. Aliporudi alimkuta Bwana Ramadhan amesimama mbele yake.

"Vua hivyo."

"Navua. Nimekwisha vuka."

"Umeharibu dawa, Seifu. Usivivae tena. Nakwambia kama mwenyekiti."

"Nami nakusikia kama mwenyekiti. Lakini mwenye ua huu ni bibi yangu."

Augustino alitia chumvi kutoka ukumbini. "Mwacheni, Bwana Ramadhan. Mwali hajatolewa ndani, anaogopa mchanga."

Bwana Ramadhan aliinua kidole. "Chagua. Ukivivaa tena, kesho utakaa na watazamaji, nafasi yako ataichukua Pius wa akiba."

Damu ilimchemka Seifu. Juu ya kichwa cha mwenyekiti aliiona Mvumo imetundikwa, kimya, kama mzee anayesubiri hukumu. Hakutaka kitu duniani kama kuipigania ngoma ile. Lakini alijua pia kwamba mguu uliochomwa hauwezi kuipigania.

"Wewe unaogopa tego ambalo hujaliona," alisema polepole. "Mimi naogopa mwiba ambao bibi yangu ameuona. Nipange au niache. Uani sipiti pekupeku."

Basi jina lake likafutwa.

Jua lilipokuwa linazama, Augustino alitoka kwenda kuoga. Mitalawanda ilikuwa pale mlangoni, imekaa jozi kwa jozi. Aliisukuma kando kwa kidole gumba na kukanyaga mchanga kwa kishindo. Karibu na bafu aliruka kidogo, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, kisha akaendelea na mwendo wake. Bi Kuruthumu alimwona kutoka jikoni.

"Umechomwa, baba?"

"Hapana, bibi. Kijiti tu."

"Njoo nikutazame. Maji ya moto yapo."

"Bibi, mguu uliotoboa nyavu za Temeke utatetemekea kijiti?"

Hakutaka wenzake wacheke. Alioga, akala, akalala ameuma meno.

Asubuhi mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kama boflo iliyotoka tanuri. Kifundo hakikuonekana. Alijaribu kusimama, akaanguka kitandani kama gunia. Timu nzima ikajaa chumbani, na Bwana Ramadhan, alipouona mguu, alishika kichwa.

"Tego. Nilisema mimi. Wamelifukia mlangoni, huyu kalikanyaga. Mwiteni mganga amchanje, haraka."

Mmoja alikimbilia kwa mganga. Mwingine alianza kuchimba kizingiti kwa kijiko. Wengine walikaa wameinua miguu yao vitandani, wakiogopa hata sakafu ile safi. Ndipo Bi Kuruthumu alipoingia na beseni la maji yanayotoka mvuke, akawapitia kama hawapo.

"Tia mguu humo."

"Bibi, ya moto."

"Yakiwa baridi hayana kazi. Tia."

Augustino alitia, jasho likamtiririka. Baada ya kitambo maumivu yalilegea, na uso wake ukarudi kuwa uso wa mtu. Bibi aliuweka mguu ule mapajani mwake, akaufungua unyayo kwa ncha ya sindano iliyopitishwa motoni, akavuta kitu kwa kucha. Alikiweka juu ya kiganja, akakipitisha mbele ya macho ya kila mmoja, na mwisho mbele ya mwenyekiti. Ulikuwa mwiba wa tasi, mwembamba, haufiki urefu wa punje ya mchele.

"Hili hapa tego lenu," alisema. "Halikutoka Ilala. Limetoka Feri, nimelileta mimi kapuni, na nikawaambieni."

Aliyekuwa akichimba kizingiti alikificha kijiko nyuma yake.

Augustino aliziba uso kwa mikono. "Niliuhisi jana, bibi. Nikaudharau."

"Mguu utapona. Leo haupigi mpira."

Kumekucha hawakuwa na mchezaji wa akiba ila Pius, naye alikuwa amekwisha kupewa ubawa wa kushoto. Alibaki mtu mmoja tu. Bwana Ramadhan alimkuta barazani, ameketi anakata kucha za miguu kwa utulivu kama mtu asiye na haja na dunia.

"Seifu, mwanangu."

"Jana nilikuwa mwali, leo nimekuwa mwana?"

"Nimekosa. Ngoma ya babu yako inakwenda."

"Haiendi," Seifu alisema, akasimama. "Nitacheza nafasi ya Augustino. Lakini kabla hatujatoka, watu wote watakwenda uani kuosha hiyo dawa, na watakwenda na mitalawanda. Wewe utawaongoza."

Majirani walioishi Mtaa wa Mchikichi hawakusahau mlio wa asubuhi ile. Mwenyekiti wa Kumekucha, mtu mnene mwenye tarbushi, alivuka ua akiyumba, ko, ko, ko, mikono ameitanua kama mtembea kwenye kamba, na nyuma yake timu nzima ikasubiri zamu.

Alasiri, viwanja vya Mnazi Mmoja vilijaa watu pomoni. Mvua fupi ilikuwa imenyesha, na uwanja uliteleza kama bamia. Watu wa Ilala walipomwona Seifu katikati badala ya Augustino, walipasua vicheko, maana habari za mitalawanda zilikuwa zimewafikia. Wakaimba:

Huyu kalelewa ndani, miguu yake ya mwali;
mpakeni hina chini, mpira hawezi kweli.

Radi walitangulia kufunga. Pius akasawazisha kwa kichwa kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili kila mtu aliteleza. Mabeki walianguka kama embe bivu, na mpira wa ngozi, uliolowa ukawa mzito kama jiwe la kusagia, ulipita watu kama sabuni. Ni Seifu tu aliyesimama. Miaka yote ile ya kubana kijiti kwa vidole juu ya sakafu ya bafu iliyolowa ilikuwa imemjengea vidole vinavyong'ata ardhi kama kucha za paka. Augustino, aliyeketi ukingoni juu ya mkokoteni, mguu umefungwa kanga ya Bi Kuruthumu, aliliona hilo kabla ya mtu yeyote. Akaomba apewe Mvumo, iliyokuwa imeletwa uwanjani kumngoja mshindi, akaiweka kati ya magoti.

"Seifu," alinguruma, "vidole. Bana kwa vidole."

Akaanza kuipiga. Haukuwa mdundo wa Kumekucha unaojulikana. Ulikuwa mdundo wa uani: ko, ko, ko.

Refa alikuwa ameanza kutazama saa. Mpira ulitoka kwa Pius ukiruka kwenye tope. Beki wa kwanza wa Radi aliufuata, akateleza akakaa. Wa pili alirusha mguu, akaupiga upepo. Seifu aliukanyaga mpira, vidole vikaushika, ukatulia kama kuku aliyeshikwa mbawa. Akamwacha golikipa alale upande wake, kisha akausukuma taratibu upande wa pili. Nyavu zikacheza. Kariakoo nzima ikanyanyuka, na jibu likaimbwa hapohapo:

Mwali katoka nyumbani, katikisa wavu wenu;
semeni na majirani, hina ni ya nyuso zenu.

Radi ya Ilala walitoa ngoma yao wenyewe kwa mikono miwili, kiungwana, na Kumekucha wakarudi na ngoma mbili. Msafara ulijaza Mtaa wa Mchikichi kutoka ukuta hadi ukuta. Ulipofika nyumbani ulisimama ghafla, kwa sababu Bi Kuruthumu alikuwa mlangoni, ndoo ya maji pembeni.

"Cha nje kisiingie," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Mabingwa wakapanga foleni wakanawishwa tope, mmoja baada ya mmoja, kama watoto. Bwana Ramadhan alivua viatu vyake akaviweka barazani bila kuambiwa. Mvumo ilirudi kwenye msumari wake. Wa mwisho kuingia alikuwa Augustino, amemwegemea Seifu begani. Walipofika mlango wa uani alisimama, akamtazama mwenzake usoni. Safari hii hakuinama kwa mzaha.

"Shikamoo, Seifu."

"Marahaba," alijibu Seifu. "Kaoge, unanuka."

"Nitaoga. Nipe mitalawanda kwanza."

Seifu aliinama mwenyewe akamwekea, mmoja kwa mguu mzima, na wa pili kando uungoje ule uliovimba. Tangu siku hiyo hakuna kijana wa Kumekucha aliyevuka ua ule pekupeku, na kila aliyeuliza sababu alionyeshwa mwiba mmoja mwembamba, uliochomekwa kwenye kamba za Mvumo uonekane na wote. Walioutazama hawakuhitaji maelezo: mdharau mwiba, mguu huota tende.